Neno la Mkurugenzi

Pale chuoni Kisangani, ukitaka kumkasirisha Profesa Mahmoudi hukuhitaji kumtukana. Ufupishe neno tu mbele yake. Mwanafunzi aliyesema "labo" alitolewa nje akatafute nusu iliyobaki. Waliosema "ba-prof" na "ma-exam" aliwatazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye wali. Lakini kifupi kilichomuuma kuliko vyote kilikuwa TFC. Travail de fin de cycle, kazi ambayo mwanafunzi huitolea jasho mwaka mzima ili ahitimu, inawezaje kuwa herufi tatu?

"Kazi ndefu, jina refu," alizoea kusema.

Wenzake walimcheka pembeni. Wacha wacheke. Wao walisoma jalada na hitimisho wakatia sahihi. Yeye alizisoma kazi hizo neno kwa neno, mpaka orodha ya vitabu nyuma. Hakuwa akilinda maneno tu. Alikuwa akilinda jasho la watoto wa watu.

Hujafa hujaumbika. Siku chache baada ya Idi, kiharusi kilimwangusha uani kwake. Miguu ilirudi polepole, akili haikwenda popote, ila ulimi ndio uliogoma. Maneno mafupi yalitoka. Marefu yaligeuka uji mdomoni.

Na Kahambu alikuwa akisubiri. Huyu binti wa wafanyabiashara kutoka Butembo alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho, na alikuwa amekaa Banalia miezi mingi akichunguza samaki wa mto Aruwimi. Kitivoni kwao kulikuwa na desturi isiyovunjwa: kabla ya jury ya watahini kutoa alama, mkurugenzi wa kazi, yaani profesa aliyeisimamia, husimama, akaitaja kazi na mwenye kazi kwa kinywa chake mwenyewe, akasema anaikubali. Karatasi haisemi badala yake. Asipotamka, mwanafunzi hungoja mwaka mwingine. Na baba yake Kahambu alikwisha kusema wazi kwamba mwaka huu binti asipomaliza, atarudi Butembo kukaa dukani.

Nyumbani, mkewe Fatouma alimfanyisha mazoezi kila asubuhi. Neno refu halikupita.

"Papa, sema tu TFC," Fatouma alimbembeleza. "Iyo unaweza. Hakuna mutu atakucheka."

Mahmoudi aligeukia ukutani. Alimpenda mkewe sana, lakini hilo hapana.

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa. Shangazi zake Kahambu walikuwa wamekuja na makopo ya poda, tayari kummwagia akifaulu, maana Kisangani hakuna anayehitimu akatoka safi. Kahambu aliitetea kazi yake vizuri, akajibu kila swali. Kisha Cyprien, rais wa jury, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Mahmoudi, akamwita mkurugenzi.

Mzee alisimama, ameshika meza. "Tra..." alianza. Ukumbi ulingoja. "Trava..." Neno likakwama. Alijaribu tena, jasho likimtoka, na safari hii hata ule mwanzo haukutoka. Mtu mmoja nyuma akakohoa kwa kuona haya.

Cyprien akainamisha kichwa. "Prof, usijichokeshe. Bon, tutasogeza kwa mwaka kesho. Hakuna shida."

Hakuna shida, kwa wasiorudishwa dukani. Mahmoudi alimtazama Kahambu. Binti hakuwa analia. Alimtikisia kichwa kidogo, kwa upole, kama kumwambia: keti tu, mzee wangu, nimekusamehe. Msamaha huo ulimchoma kuliko kicheko chochote. Mtoto amefanya kazi yote, halafu yeye ndiye asamehewe?

"TFC," akasema.

Cyprien akainua kichwa.

"TFC ya Kahambu," akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Iko muzuri. Ndiyo."

Aliona aibu, tusidanganyane. Ilimpanda mpaka masikioni. Lakini hakukaa chini mpaka alipomwona Cyprien akimgeukia katibu na kumwambia aandike kwamba mkurugenzi ameikubali. Hapo Fatouma, aliyekuwa nyuma yake, akamvutia kiti.

Kahambu alifaulu kwa distinction, alama za juu. Nje, poda ilimwagwa mpaka hakujulikana macho wala pua. Alijinasua mikononi mwa shangazi zake, akaja mbele ya mwalimu wake, akanyooka. Shukrani alikuwa amezitayarisha wiki nzima, bila kukata hata neno moja.

"Monsieur le Professeur Ordinaire Mahmoudi," akaanza, akikitaja cheo chake chote kizima.

Mzee akainua mkono kumzuia. Kisha akauweka juu ya kifua chake mwenyewe.

"Prof," akasema.

Kahambu alifungua mdomo, hotuba yote ikampotea. Akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili iliyojaa poda. "Asante, Prof," akasema, na wote wawili wakalia pale pale mbele ya watu.