Bima ya Mikono Miwili

Uvumi wenyewe fundi cherehani aliupata saluni, taulo likiwa kichwani: kwamba kwenye ile hospitali mpya mtu hugawanywa mlangoni. Kilicholipiwa bima huingia, kisicholipiwa hukaa benchi. Msusi aliusema kama anayetaja bei ya mafuta ya nywele. Yeye akacheka, lakini maneno yale yakamganda kama kupe. Akikata kitambaa, anayasikia. Akimwogesha mtoto, anayasikia.

Kwani bima alikuwa nayo. Alikatiwa na wakala mmoja mchangamfu, aliyekuwa akimwita kila mwanamke shemeji. Bima ya familia nzima ilikuwa haishikiki kwa bei.

"Basi nunua kwa kiungo, shemeji," wakala alimwambia. "Wenye kipato chetu hiki ndivyo tunavyofanya. Kwako wanaumwa nini?"

Fundi akafikiri kama wanavyofikiri wote mtaani: akayakumbuka yaliyowapata mwaka uliopita. Mume wake, mchomea vyuma, akamnunulia macho. Kitinda mimba hubanwa na kifua, akapata kifua. Mkubwa aling'olewa jino, akapata meno. Wa katikati, binti waliyemwita Kasuku kwa mdomo wake usiopumzika, alivunjika mkono akiruka kamba. Akapewa mikono yote miwili.

"Na wewe?" mume aliuliza.

"Mimi? Nina nafasi ya kuumwa mimi?"

Asubuhi moja Kasuku aliamka kimya. Hilo peke yake lilitosha kumtia mama yake baridi mwilini. Tumbo lilimuuma upande wa kulia, limekaza kama ubao. Wakapanda pikipiki hadi hospitali mpya.

Mlangoni mlinzi aligusisha kadi ya bima kwenye kimashine. Mikono ya Kasuku ikachomoka taratibu kama glavu, bila tone la damu. Muuguzi akaipokea kwenye sinia lenye kitambaa safi.

"Mwingine benchi," mlinzi alisema.

"Mwingine yupi? Huyu si mtoto mmoja?"

"Mama, usinifokee. Mimi nafungua mlango tu."

Benchini alikuwepo mzee aliyekuwa akingoja magoti yake, na bwana mmoja mnene aliyekuwa akingoja masikio, kwa hiyo kumsalimia haikusaidia.

"Mzazi wa mikono!" muuguzi aliita. "Bila mzazi haihudumiwi."

Mama alimtazama mtoto, akaitazama mikono. Mikono ndiyo iliyolipiwa.

"Keti hapa, mwanangu. Narudi sasa hivi."

"Mama, lakini mimi ndiye ninayeumwa."

"Najua. Ngoja nikawaambie."

Ndani mikono ilioshwa kwa maji ya uvuguvugu, ikapigwa picha, ikakatwa kucha. Mama aliishika. Kila tumbo lilipokaza huko nje, vidole vilimbana mpaka vikamwachia alama.

"Anaumwa, daktari. Ona anavyobana!"

"Nguvu nzuri sana," daktari alisema, akitabasamu. "Hongera, mama. Mikono mizima kabisa."

"Ni tumbo, daktari."

"Tumbo mimi silioni hapa."

Kisha vidole vikalegea. Vyote, kwa pamoja.

Mama alitoka mbio, mikono kaikumbatia kifuani. Kasuku alikuwa amelala mapajani mwa yule mzee, uso rangi ya jivu. Mikono ikajirudisha mahali pake, lakini haikushika kitu. Hospitali ya umma walikokimbilia ilikuwa ng'ambo ya mji, foleni imefika barabarani. Mpaka anaingizwa chumba cha upasuaji, kidoletumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alipona kwa kudra tu. Alitoka na kovu kutoka kitovuni kushuka chini, na mikono mizuri kuliko ya bibi harusi.

Wakala alikuja na tabasamu lake kuwapa pole.

"Shemeji, umeona bima ilivyofanya kazi? Mikono imehudumiwa, hujatoa hata senti! Sasa hivi matumbo yana punguzo."

Majirani wakatoka majumbani kununua matumbo. Mume naye akatia mkono mfukoni.

"Si tumbo ndilo lililotutesa?" alisema.

Kasuku alimtazama baba yake, akalifunika kovu kwa mikono yote miwili.

Siku hizi fundi hagombani na mtu. Akimpima mteja kiuno, humwambia haya, pini zikiwa mdomoni:

Usinunue bima kwa ugonjwa wa mwaka jana.

Usiulize bei kabla hujauliza nini hakimo.

Usingoje mtoto augue ndipo uitafute. Bima haianzi siku unayolipa.

Usiende peke yako kama kikundi chenu cha akina mama kinaweza kuingia bima pamoja kwa nafuu.

Usijiache nje wewe mwenyewe.

Usimwamini anayekuita shemeji na hakuoa kwenu.

Usimwache mtoto benchi ukafuata kilicholipiwa.