Fahali wa Mchanga

Ngao yenyewe, ile ya kukinga pua ya gari, ilikuwa nzima, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. Chuma kinene, cheusi, hata mkwaruzo wa maana hakikuwa nao, ila kilikuwa kimegeuka nyuma na kujikita kwenye rejeta. Nililala chini ya gari la zahanati na tochi yangu, nikaona kisa chote. Vishikizo vya bati jembamba, bolti mbili kila upande, tena vimefungwa kwenye bampa badala ya chesisi. Mtu kanunua mlango wa chuma, halafu kautundika kwa bawaba za kabati!

"Wifi!" niliita nikiwa huko huko chini. "Aliyefunga kitu hiki ni fundi au mpishi?"

"Kamuulize fahali," alijibu.

Wifi yangu ni dada wa mume wangu, na ndiye dereva wa gari lile. Kazi yake ni kuwafuata wajawazito vijiji vya mbali na kuwaleta zahanati, kwenye barabara ambayo ng'ombe wanaiona ni ya kwao. Mwezi uliopita fahali alichomoka kichakani, akaingia kwenye kona ya ngao. Vishikizo vikang'oka, rejeta ikatoboka, gari likazima. Wifi akakaa porini na mama mwenye uchungu mpaka lori la mawe lilipopita na kuwabeba. Mama na mtoto ni wazima, Mungu ashukuriwe. Fahali naye aliinuka, akajitikisa, akaenda zake. Aliyeumia ni wifi yangu, na jeraha lake halikuonekana kwa macho.

Mimi nililiona siku ile ile ya tochi, baada ya kufunga rejeta mpya. Nilimwambia arudishe gari nyuma kidogo, hatua chache tu, likae sawa na fremu ya kunyanyulia injini. Huyu ni mwanamke ambaye ukiacha ufunguo mezani kwako, ukigeuka hukuti ufunguo wala gari. Akasema, "Mgongo unanivuta. Mwambie kaka." Kaka yake, yaani mume wangu, ambaye ndiye mpaka rangi wa gereji yetu, alinitazama, akachukua ufunguo, akalirudisha yeye.

Na matroni wa zahanati alikuwa ameshanipigia. "Fundi, gari likitoka kwako linaingia kazini saa hiyo hiyo. Wifi yako akisita, nampeleka mapokezi apokee simu, ufunguo anapewa dereva mwingine. Sina njia." Wifi yangu, kwenye kiti cha mapokezi! Simu ingeomba uhamisho ndani ya wiki.

Basi nikaingia kazini na mori wangu wote. Nilikata pleti nene, ndefu, za kuishika chesisi ubavuni na si puani tu. Nikatoboa matundu manne kila upande, yaliyoachana vizuri ili mzigo usiangukie sehemu moja. Ndani ya chesisi nikapenyeza vipande vya bomba, bolti zikikazwa zisiikunje. Cheche ziliruka mpaka jirani muuza matairi akafunga dirisha. Nilikuwa naimba, na mimi sijaliwa sauti.

Jaribio nililibuni mwenyewe. Tulijaza mchanga kwenye magunia, tukayafunga pamoja kwa turubai, tukayaning'iniza kwa mnyororo kwenye fremu. Wifi akachukua chaki, akalichorea lile furushi macho na pembe. "Kengeza hivyo hivyo," alisema. "Huyu ndiye."

Mume wangu akalivuta nyuma kwa kamba, nikapiga kelele, "Achia!" Fahali wa mchanga akaja, akaipiga ngao katikati, puu! Hakuna kilichosogea. Nikarusha glavu juu.

"Hongera," alisema wifi, aliyekuwa amejikalia juu ya tairi, mbali kabisa. "Lakini ng'ombe gani anakuja katikati ya barabara kama bibi harusi? Wangu alitoka pembeni."

Nikaziokota glavu zangu. Tukalisogeza gari, fahali akapiga kona. Bolti zilishika, pleti ikashika, ila ngao ilijipinda, kona yake ikarudi nyuma, taa ya upande ule ikapasuka. Nilitukana. Nikaipiga teke ngao, nikaumia kidole, nikatukana tena.

Mume wangu akainama akachungulia. "Upande huu umebeba peke yake," alisema. "Ule mwingine ulikuwa unatazama tu. Mkono mmoja haulei mwana."

Sipendi kufundishwa kuchomelea na mtu wa brashi. Lakini jambo likiwa kweli ni kweli. Nilishika bomba nene, nikaliunga nyuma ya ngao kutoka kishikizo cha kulia hadi cha kushoto, na kila upande nikatoa mguu wa chuma unaorudi nyuma na kukanyaga chesisi. Sasa ukimgusa mmoja, umewagusa wote. Nilinyoosha ngao na kufunga taa nyingine.

"Achia!"

Kishindo kilikuwa kikubwa kuliko mwanzo. Gari zima liliyumba kwenye springi zake, likarudi mahali pake. Nikakimbia kuingiza kidole kati ya ngao na taa, na nafasi ilikuwa ile ile. Taa nzima! Nilipiga vigelegele peke yangu, nikamkumbatia mpaka rangi wangu na mafuta yote niliyokuwa nayo kifuani.

Tulipogeuka, wifi alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva.

"Nataka nikae ndani," alisema. "Halafu mmwachie."

"Wifi, gari limepona. Huna haja."

"Gari limepona, mimi sijapona." Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Nikifumba macho anakuja. Nikishika usukani anakuja. Naogopa, wifi. Naogopa mpaka naona aibu. Dawa ya moto ni moto. Mwachie."

Nilimfunga mkanda mwenyewe, nikauvuta mara mbili, nikafunga mlango. Kaka yake akavuta kamba, safari hii si mbali sana.

Fahali alipokuja, wifi alipiga ukelele uliomtoa jirani wa matairi nje, akajifunika uso. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unyasi wake huu ulikuwa na pembe. Nikakimbilia mlango.

"Usifungue!" alifoka. "Tena!"

Mara ya pili mikono ilibaki kwenye usukani, macho kayafumba. Jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa ndoo. "Tena! Na mvute mbali, kaka, acha kunibembeleza!"

Mume wangu alivuta mpaka kamba ikalia. Niliacha kuitazama ngao, nikatazama uso wa dada yake. Fahali akaja, puu, gari likayumba, na wifi alikuwa amemkodolea macho kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mbwa wewe!" alimwambia. "Ng'ombe wewe usiye na mwenyewe! Njoo tena!"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye alicheka na kulia kwa pamoja, paji la uso kwenye usukani, na mimi nililia bila hata kujificha. Hapo ndipo simu yangu ilipoita. Alikuwa matroni.

"Fundi, kuna mama kijiji cha mwisho, mtoto wa kwanza, uchungu umeanza tangu alfajiri. Gari limekwisha? Niambie ukweli. Kama limekwisha namtuma yule dereva mwingine alifuate sasa hivi."

Sauti yake ilikuwa kali, ilisikika mpaka ndani ya gari. Wifi aliinua uso. Sikumuuliza kitu. Niliogopa kumuuliza, maana swali lingempa njia ya kusema hapana, na jibu hilo nisingeweza kulisikia. Nikatazama tu mikono yake. Ilikuwa bado inatetemeka, lakini mmoja ulishaufikia ufunguo.

"Gari liko tayari, matroni," nilisema. "Na dereva wake yuko ndani."

Injini ikawaka. Fahali wa mchanga alikuwa bado anabembea mbele ya ngao, na mume wangu akamkumbatia kwa mikono miwili kumtoa njiani.

"Wifi!" alinipigia honi. "Umesimama hapo kama nguzo, kuna mtu anazaa! Fungua geti!"

Nikakimbia kulifungua.