Shefu Atapandishwa Jumamosi

"Ijulikane kwa wote wenye masikio, na kwa jirani zao, ya kwamba Jumamosi hii, umande ukishakauka, Shefu atapandishwa mbele ya raia pale Duwane. Waimbaji waje na ngoma. Wenye viatu vizuri waviache nyumbani."

Papa Albert, msomaji wa matangazo, alisoma maneno hayo kanisani, mjini Baraka, baada ya misa, kwa sauti ile ile anayosomea majina ya marehemu. Waumini wote waligeuka kumtazama Patrice, shefu wa mtaa, aliyekaa benchi la mbele. Patrice hakushangaa. Alikuwa anangoja kupandishwa cheo tangu siku aliyopewa cheo. Alinyoosha kola, akainamisha kichwa kama mtu anayekubali kubebeshwa mzigo wa taifa.

Tangazo lilikuwa la kweli, neno kwa neno. Ila Shefu aliyetajwa hakuwa Patrice. Alikuwa pikapu.

Pikapu hiyo ilikuwa mali ya Mama Anastasie, mwenyekiti wa bamama wa kanisa, na jina SHEFU liliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo chake cha mbele. Dereva na fundi wake alikuwa Néhémie, mwanamume mpole ambaye hakuwa na mke wala shamba, ila usukani ule tu. Na tangazo lilikuwa limebuniwa na mpwa wake Inamahoro, binti mwerevu, mwenye adabu na mnyenyekevu, aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni ya masista. Papa Albert husoma kila kikaratasi anachopewa mlangoni mwa kanisa. Hajawahi kuuliza kimetoka wapi.

Inamahoro alikuwa na sababu yake. Mvua za mwaka huo zilikuwa zimelifanya Duwane kuwa bahari. Duwane ni shimo la matope kwenye njia ya Lubondja, karibu na nyumba za mwisho za mji. Watu waliliita hivyo, yaani forodha, kwa sababu hakuna gari lililopita pale bila kusimama na kutoa kitu: bampa, kiatu, au heshima ya dereva. Shefu alikuwa ameshakwama humo mara nyingi, tumbo likiegemea matope kama kiboko, magurudumu yakizunguka hewani. Huko Lubondja mihogo mikavu ya bamama wa kanisa ilikuwa inaota ukungu ndani ya magunia.

Patrice aliiona nafasi yake. Alitaka injini ya Shefu aifunge kwenye mashine ya kusagia unga.

"Mama Anastasie," alisema, "hii gari iko mugonjwa wa kulala. Unipatie, mi nitaifanyisha kazi yenye iko naweza, kazi ya kusimama."

Mama Anastasie alifikiri sana, kisha akamwambia Néhémie: "Siku ya Posho gari ipite Duwane, ilete mihogo. Ikishindwa, Patrice abebe injini. Nimechoka kusukuma gari na hii mwili yangu."

Posho ndiyo Jumamosi. Néhémie alikuwa na wiki moja tu, na wazo moja.

"Tutaipandisha," alimwambia Inamahoro. "Haikwame sababu ya nguvu, inakwama sababu ya tumbo. Tutainua tumbo."

Neno hilo la kupandisha ndilo Inamahoro aliloligeuza tangazo, ili watu waje kushangilia na Patrice ajidanganye mwenyewe.

Kutoka Kazimia, kando ya ziwa, alikuwa ameletewa kwa boti matairi manne makubwa yenye meno, yakiwa yamesafiri chini ya magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, na kunuka hivyo hivyo. Pamoja nayo zilikuja amortisa ndefu za kupokea mishtuko ya barabara, na bamba za chuma za kuongeza kwenye springi za nyuma. Wiki nzima walilala chini ya gari. Néhémie aliinua gari kwa kriki, akaegemeza chasi juu ya magogo ya mninga, akafungua, akaongeza bamba, akafunga. Mbele alikaza vyuma vinavyoshikilia magurudumu mpaka pua ya Shefu ikainuka kama ya mtu aliyesikia harufu mbaya. Inamahoro alishika tochi na kutoa ushauri ambao haukuombwa.

Patrice alipita kila asubuhi, akiwa tayari anatembea kwa mwendo wa cheo kipya.

"Néhémie, ndugu yangu, ni gari ao ni twiga?"

"Ni gari, shefu."

"Ikianguka juu yako, nitakuwa nimeshapandishwa. Nitakuja ku matanga na baaskari bawili."

Inamahoro alilazimika kuingiza kichwa ndani ya tairi ili asionekane uso.

Jumamosi asubuhi waliteremsha Shefu chini. Néhémie alizungusha usukani, na tairi jipya likasaga ukingo wa bodi: krrrr. Mama Anastasie, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifumba macho. Néhémie alichukua msumeno wa chuma, akakata ukingo ule mbele yake, kisha akajaribu tena. Kimya. Gurudumu lilizunguka kulia na kushoto kama jicho.

"Umekata gari yangu," alisema Mama Anastasie.

"Nimeinyoa tu, Mama."

Walipofika Duwane, Inamahoro alielewa kwamba mzaha wake umekua kuliko yeye. Nusu ya mji ilikuwa pale. Kwaya ilikuwa imevaa vitambaa vya sikukuu. Patrice alikuwa ndani ya suti nyeusi na tai, na vijana wawili walikuwa wamembebea kiti chake cha mikono kutoka sebuleni. Aliketi juu yake kando ya matope, akitazama upande wa Fizi, makao ya serikali, ambako wakubwa wa kumpandisha wangetokea.

"Banachelewa," alisema. "Ni kawaida ya bakubwa."

Néhémie hakumsikia. Alipiga injini, akaingia Duwane. Na kweli, tumbo halikugusa: Shefu alisimama juu ya matope yale kama mtu aliyevaa buti. Lakini katikati ya shimo magurudumu ya nyuma yalianza kuteleza, yakarusha matope hadi kwenye tai ya Patrice, na gari halikusogea mbele hata kidogo. Néhémie alirudi nyuma taratibu, akatoka, akashika kichwa.

"Nyuma iko mwepesi," alisema kwa sauti ndogo. "Meno ya tairi hayashike. Inahitaji uzito."

Hapakuwa na mchanga, wala mawe, wala gunia. Patrice alisimama, akapangusa tai.

"Basi, Mama Anastasie. Batu bote banaona. Leo jioni nitaleta bafundi batoe injini. Lakini kwanza, ile mambo yangu. Nani atanipandisha?"

Kwaya nzima ilimtazama. Inamahoro aliitazama kwaya. Wakati ule ule akili iliyomtia katika matata ndiyo iliyomtoa. Aliwaona bamama ishirini wa kwaya walioshiba vizuri, na shefu mmoja mzito aliyetaka kupandishwa.

"Ni hapa, shefu," alisema kwa heshima kubwa, akifungua mlango wa nyuma wa pikapu. "Upande. Mukubwa hapandishwe chini."

Patrice aliitazama bodi. Ilikuwa juu kuliko kiuno chake. Aliwatazama watu, nao walikuwa wanangoja. Akaamuru kiti chake kiletwe, akakikanyaga, akapanda. Bamama wakafuata mmoja mmoja juu ya kiti hicho hicho, wakikamatana mikono, wakicheka, vitenge vikishikiliwa kwa meno. Wa mwisho alikuwa Mama Anastasie mwenyewe, na springi mpya zikapumua. Kisha kiti kikavutwa juu, na Patrice akaketishwa katikati.

"Tonton," Inamahoro alimnong'oneza mjomba wake dirishani, "uzito umefika."

Néhémie aliingia Duwane mara ya pili. Safari hii meno ya matairi yaliuma. Shefu alizama kidogo, akaguna, akapanda. Matope yalipasuka pande zote mbili, ngoma ikalia nyuma, kwaya ikaimba, na Patrice, ambaye hajawahi kuona mji wake kutoka juu namna ile, akainua mkono akawapungia watu. Wakampigia makofi. Shefu alitoka upande wa pili akichuruzika, mzima, bampa mahali pake.

Hawakusimama. Walifika Lubondja wakiimba. Gari la kwanza tangu mvua zianze lilipokewa kwa vigelegele, na mtu wa suti aliyeketi katikati yake alipewa jogoo. Jioni walirudi, magunia ya mihogo chini, bamama juu ya magunia, na Duwane likapitwa bila hata kupunguza wimbo.

Mama Anastasie alishuka kwa kukanyaga kiti, akapigapiga bodi kwa kiganja.

"Shefu hatasaga unga ya mutu," alisema. "Néhémie, kesho utatafuta ngazi. Hii kiti ni ya benyewe."

Néhémie alikuwa amekumbatia usukani. Na Inamahoro, kwa furaha, alipanda juu ya kiti akapaza sauti:

"Ijulikane kwa wote wenye masikio, na kwa jirani zao, ya kwamba Shefu amepandishwa!"

Patrice, akiwa na jogoo wake kwapani, aligeuka polepole.

"Ile maneno nilishaisikia ku kanisa."

"Shefu ni jina ya gari, Papa Patrice," alisema Inamahoro. "Tangazo halikudanganya."

"Gari ni 'itapandishwa'. Mi nilisikia 'atapandishwa'. Ku masista hamufundishwe?"

Kwaya ilicheka mpaka ngoma ikaanguka. Patrice alijikaza, akamtazama jogoo, akashindwa, akacheka pia. Lakini mkono wake uliendelea kumwonyesha binti kidole, ukingoja jibu.

"Ni mimi," alisema Inamahoro.

Na kwa kuwa amekwisha kubanwa, acha akiri yote: aliyesimulia habari hii ni yeye pia. Pale iliposemwa kwamba yule binti ni mwerevu, mwenye adabu na mnyenyekevu, hakuna mtu mwingine aliyeshuhudia.