Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Opiyo alipotea Jumanne, mwezi wa tatu mwaka 1994. Mtumbwi wake uliokotwa ziwani, mbali kidogo na Igogo, Mwanza, nyavu za sangara zimekunjwa vizuri ndani, shati lake limewekwa juu yake, kavu. Mwenyewe hakuonekana. Baba yake, kule Shirati, alikataa matanga. Alisema mwanawe ni mzima mpaka auone mwili, na nyumba nzima ikakatazwa kulia.

Dada yake Opiyo, Agutu, alibaki Mwanza peke yake. Mwezi wa sita akapata kazi ya yaya wa kulala hukohuko, kwa wazungu waliokuja kufunga mashine za kiwanda cha samaki. Mtoto wao, Anders, alikuwa na miezi minne, na alilia kutwa. Daktari hakuona ugonjwa.

Alasiri moja mama wa mtoto alitoka, Agutu akabaki naye barazani, ziwa limetulia chini yao. Kwa Wajaluo, mtoto anayelia hivyo anadai jina. Yuko marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa. Hutajwa mmojammoja, na mtoto akinyamaza, huyo ndiye. Agutu hakukumbuka kwamba huyu si wa ukoo wao. Alikuwa amechoka. Akamtaja bibi, akamtaja babu, mashangazi wawili, mjomba aliyefia vitani Uganda. Mtoto alizidi kulia. Marehemu wakamwishia, lakini ulimi haukusimama.

"Opiyo."

Kilio kilikatika. Mtoto alibana pumzi muda mrefu, kama mtu aliye chini ya maji, kisha akaishusha taratibu na kumtazama Agutu usoni kama anayemfahamu.

Mlinzi, mzee Maige, alichungulia kutoka getini. "We Mjaluo, umemnywesha nini huyo?"

"Nimemwita tu, babu."

"Umemwita nani?"

Agutu akamgeuzia mgongo, mtoto kifuani. Alikuwa amemtaja ndugu yake katikati ya wafu, na kuna aliyeitika.

Tangu siku ile mtoto akiitwa Anders hakugeuka. Hata mama yake akazoea kumwita Opiyo, akidhani ni neno la kubembelezea.

Mwezi wa nane Agutu aliomba ruhusa, akapanda basi kwenda Shirati. Baba yake alimsikiliza, akacheka kwa hasira.

"Kwa wazungu! Opiyo huyu aliyekimbia shule darasa la nne? Anaongea nao nini?"

"Baba, alinyamaza."

"Watoto wote hunyamaza."

"Niliwataja wengine kwanza. Bibi, babu, wote. Alilia mpaka nilipofika kwake."

"Akanyamaza palepale?"

"Palepale."

Mzee alitazama chini. Mama, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alimwona, akaanza kulia kwa sauti, na hakuna aliyemkataza.

Kesho yake baba alikwenda mwenyewe kukata tunda la mwegea, refu kama mkono wa mtu, ambalo kwao huzikwa badala ya mwili uliobaki ziwani. Walilifunga shuka, wakalizika nyuma ya nyumba, majirani wakalala hapo siku nne.

Agutu amesharudi kazini. Mkataba wa wazungu unaisha Desemba, na wataondoka na mtoto.