Chachu ya Nyumba ya Saba

Watu wa mji wa Debre Markos wamewaona wasomi wa kila namna. Wamemwona wa kupima udongo, wa kupima mvua, hata mmoja aliyekuja kupima kwato za punda. Lakini msomi wa kupita nyumba kwa nyumba akihesabu matundu ya injera, ule mkate wao mpana na laini wa unga uliochacha, huyo walikuwa hawajamwona, mpaka Wubalem binti Yeshi alipoanza utafiti wake wa shahada ya uzamili. Mtaa mzima ulimcheka, na ulimcheka kwa mapenzi.

"Wubalem, mwanangu, umesoma miaka yote hiyo uje utuhesabie matundu?" Etiye Tangut, yaani Shangazi Tangut, jirani wa mkono wa kushoto, hakuchoka kumwuliza kila alipomwona na kamera yake. "Basi njoo uhesabu na ya paa langu, mvua yaja!"

"Ya paa lako mengi mno, Etiye. Nayawekea akiba, nitayasomea udaktari."

Utani huo walikuwa na haki nao, ila jambo lenyewe halikuwa la utani hata kidogo. Yale matundu wenyewe wanayaita macho, na injera isiyo na macho haina adabu. Mgeni akifunuliwa sinia, hutazama macho kwanza kabla pua haijafanya kazi yake. Yakiwa mengi na yamekaa karibu karibu, mpishi husifiwa mpaka aone haya. Yakiwa machache, watu hula bila kuisifu, wakaulizana habari za ng'ombe.

Wubalem alikuwa akisomea takwimu, na alitaka kujua ni kitu gani hasa kinacholeta macho. Aliwagawia wanawake wa nyumba ishirini za mtaa wao unga wa teff, nafaka ndogo ya kupikia injera, wa gunia moja, akapima joto la jikoni na muda wa kuchacha, na kila walipooka akapiga picha kipande cha ukubwa wa kiganja, kisha akayahesabu macho kwa ncha ya kijiti. Kila nyumba aliipa namba badala ya jina, ili mtu asiaibike. Halafu akajenga modeli yake, yaani hesabu inayoyachukua yote hayo na kukisia injera ya nyumba fulani itatoa macho mangapi.

Modeli ilikisia vizuri, isipokuwa ilikataa kutulia. Kila modeli hubakiza kitu, ile tofauti ya kilichokisiwa na kilichotokea, na mabaki hayo yanatakiwa yasambae ovyo, kila nyumba na lake. Ya Wubalem yalikuwa na ukoo. Nyumba sita zilipanda pamoja na kushuka pamoja. Injera ya Etiye Asnakech, jirani wa ng'ambo ya njia, ikinawiri, baada ya siku chache zinanawiri na nyingine tano. Asnakech alipokwenda msibani Dejen akauacha mtungi wake wa unga wa kuchacha bila mwangalizi, injera zote sita ziliharibika kwa zamu, kama watoto wa nyumba moja wanavyoambukizana surua.

Wubalem alizitazama chati zake kwenye chumba cha kompyuta, akajishika kichwa, mara akaangua kicheko peke yake. Chachu! Wanaazimana chachu! Yale maji ya manjano yanayokaa juu ya unga wa zamani, ambayo bila hayo unga mpya hauumuki. Na yeye alikuwa amemwuliza kila mwanamke chachu yake imetoka wapi, na kila mmoja alimjibu kidevu juu: "Yangu mwenyewe. Ya ukoo wetu."

Akaamini! Hilo ndilo lililomchekesha, na ndilo lililomtia aibu. Mgeni kutoka mbali angesamehewa, lakini yeye alizaliwa pale. Mahali pengine kuazima chachu ni kama kuazima kiberiti. Mtaa ule, ambako kila mwezi wanawake hupeleka injera zao kwenye karamu ya chama cha Mtakatifu Mikaeli na kukaguana kwa jicho la pembeni, kuazima chachu ni kama kuazima mume. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sasa ilijulikana na takwimu pia.

Furaha yake ilidumu mpaka alipotazama namba za zile nyumba sita. Mojawapo ilikuwa nyumba ya saba, na nyumba ya saba ilikuwa ya kwao. Mpishi wake alikuwa Yeshi, mama yake mzazi.

Hapo pana kisa. Zamani, Wubalem akiwa bado anasoma shule ya msingi, Etiye Asnakech aliifunua injera ya Yeshi mbele ya karamu nzima akasema, "Jamani, hii ni kipofu." Watu walicheka. Yeshi alilia, akajifungia ndani, kisha akatangaza kwamba ametuma chachu iletwe kutoka kwa mama yake, kule mjini Bichena. Kuanzia hapo injera yake ilifumbua macho, na Bichena ikawa wimbo wake. Yeye na Asnakech waliendelea kusalimiana kwa mabusu ya mashavu yote mawili, kama inavyopasa, lakini hakuna aliyekula chakula cha mwenzake.

Msimamizi wake, Dakta Getinet, alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Alizisoma kurasa zote mpaka chai ikapoa.

"Kazi nzuri. Lakini hawa sita umewapa undugu wewe. Wenyewe wameukataa."

"Nifanyeje, Dakta? Niiondoe nyumba ya saba?"

"Nyumba haiondolewi kwenye data kwa sababu unampenda mwenyewe. Nenda ukaulize tena. Safari hii usiende kama mtafiti, nenda kama mtoto wa mtaa. Na ufanye haraka. Mtahini anakuja Ijumaa."

Hakuhitaji kuongeza neno. Wubalem akifaulu Ijumaa, nafasi ya ukufunzi chuoni ni yake. Asipofaulu, inakwenda kwa mwingine, na mtahini wa nje harudi mpaka mwaka mwingine.

Basi akawaita wanawake kwenye kahawa. Mama yake alikaanga buni, moshi ukajaa chumba, watu wakapiga umbea wao wa kwanza. Etiye Asnakech naye alikuja, kwa kuwa kahawa haikuwa chakula.

"Etiye Tangut," Wubalem alianza, sauti tamu kama asali, "hivi unajua kwamba injera yako na ya Etiye Asnakech ni ndugu?"

"Ndugu wa nini? Naapa kwa Mikaeli..."

"Usiape, Etiye. Mwenzako alipokwenda msibani Dejen, injera yako ilipatwa na nini?"

Tangut alijifunika uso kwa shuka lake jeupe, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Huyu mtoto mchawi!"

"Si uchawi, ni takwimu."

"Ni yale yale, ila hayo yana cheti!"

Ikawa kelele. Mmoja akakiri, wa pili akamtaja wa tatu, wa tatu akamrushia punje za shayiri, na kahawa ya pili haijaisha wanne walikuwa wamekwisha ungama. Etiye Asnakech alikaa amenyooka kama bibi harusi. "Kumbe mtaa mzima nanyonyesha mimi!"

"Ngojeni kwanza," Tangut alisema. "Umesema nyumba sita. Sisi wanne, na Asnakech wa tano. Wa sita ni nani?"

Wubalem aliitazama birika ya kahawa. Mama yake alimimina kikombe mpaka ukingoni bila kudondosha tone.

"Chachu yangu imetoka Bichena," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kikombe cha tatu, ambacho ndicho chenye baraka, walikinywa haraka haraka wakaaga.

Walipobaki wawili, Yeshi aliviosha vikombe kwa muda mrefu kuliko vilivyochafuka. "Na humo kwenye kitabu chako umeandikaje?"

"Nimeandika ninachokiona, mama. Jina sijataja."

"Watalijua. Hapa nani hazijui nyumba za hapa?" Akageuka. "Nimekudanganya lini mimi?"

Moyo ulimuuma Wubalem kweli. Mwanamke huyu ndiye aliyeuza injera sokoni ili yeye asome. Kumwita mwongo kwa hesabu alizojifunza kwa injera zile zile, huo ungekuwa utovu wa fadhila wa kuandikiwa tasnifu yake peke yake.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Huko kwao mtoto anayetetea tasnifu hasindikizwi na baba na mama tu, husindikizwa na ukoo, majirani na mashada ya maua. Yeshi alivaa gauni lake jeupe la Pasaka, akaketi mbele na sinia lake lililofunikwa. Alinung'unika kidogo kwamba wasomi hawajui kuchagua siku, kwani Ijumaa ni mfungo na kuku hapikwi, ikabidi aridhike na mchuzi mzito wa shiro na dengu. Etiye Asnakech na wenzake walijazana safu ya nyuma.

Mtahini, Profesa Lulseged, alikuwa mzee mwembamba mwenye kalamu nyekundu. Alisifu hili, akakosoa lile, kisha akafika pale Wubalem alipokuwa akiombea asifike.

"Modeli yako inadai nyumba sita zina chachu ya asili moja. Tano zimekiri, vizuri. Nyumba ya saba imekana. Sasa nikuulize, binti: modeli ikikosea kwa nyumba moja unayoweza kuihakikisha, kwa nini niiamini kwa nyingine?"

"Pengine haijakosea, Profesa."

"Kwa hiyo mwenye nyumba amesema uongo?"

Wubalem hakuthubutu kutazama safu ya mbele. Njia nyepesi ilikuwepo: aseme hana hakika, nyumba ya saba ifutwe, yaishe. Lakini aliwaza, nikiifuta kwa kumwogopa mama, kesho nitafuta ipi kwa kumwogopa nani?

"Sitasema hivyo," alijibu. "Mwenye nyumba namheshimu kuliko watu wote waliomo humu, na chachu ni yake, aiite atakavyo. Ila namba nilizozipata siwezi kuzibadilisha. Nyumba ya saba ni ya ukoo ule. Ukininyima alama kwa hilo, Profesa, nitapokea."

Profesa aliinua kalamu yake nyekundu. Kabla haijagusa karatasi, kiti cha safu ya mbele kililia, na Yeshi akawa amesimama, sinia mikononi.

"Baba, usimwandikie vibaya mwanangu. Nyumba ya saba ni mimi."

"Mama!" Wubalem alisema.

"Nyamaza, umekwisha sema vizuri. Bichena sijakanyaga tangu niolewe, na mama yangu, Mungu amrehemu, injera ilimshinda maisha yake yote." Watu walianza kuguna, naye akapaza sauti. "Niliiba! Siku ya msiba wa mzee Bitew, tulipokuwa tukipika uani kwa Asnakech. Nilichota chachu yake kwa kikombe cha kahawa nikakificha chini ya shuka. Hesabu za mtoto ni za kweli. Mwongo ni mimi."

Profesa Lulseged alivua miwani. Papo hapo sauti ilitoka safu ya nyuma.

"Hukuiba, Yeshi!" Alikuwa Asnakech, naye amesimama. "Nilikuona. Ulikuwa ukiuzunguka mtungi kama paka. Nikajua hutathubutu nikiwa pale, ndipo nikasema naenda kutafuta kuni. Kuni zenyewe zilikuwa zimejaa hadi mlangoni!"

"Lile neno langu, 'kipofu', lilinichoma mimi kabla halijakuchoma wewe," Asnakech aliendelea, sasa akilia waziwazi. "Lakini ningekuombaje radhi, nawe kila siku Bichena, Bichena!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Tangut alipiga kigelegele, wakamwitikia, na Dakta Getinet, ambaye hajawahi kuonekana akicheka, alilazimika kuinama kutafuta kitu chini ya meza. Profesa alisubiri kelele zipungue. Akamwambia Wubalem kwamba anadaiwa sura moja zaidi, juu ya namna watu wanavyojibu maswali yanayogusa fahari yao, na kwamba ataisoma kwa hamu. Kisha akaandika alama ya juu kabisa, akaigeuza karatasi ili safu ya mbele nayo ione. Vigelegele vikaanza upya. Wubalem alilia, akacheka, na kwa muda hakujua lipi ni lipi.

Sinia lilifunuliwa pale pale juu ya meza ya watahini. Injera ya Yeshi ilikuwa imejaa macho kutoka ukingo hadi ukingo. Etiye Asnakech alisogea mbele, akaitazama kwa muda, akakata kipande, akakiviringisha na shiro kuwa tonge kubwa, na hakulila. Alilinyanyua mpaka mdomoni mwa Yeshi, kama wanavyolishana huko watu wanaopendana.

Yeshi alilipokea. Alitafuna taratibu, machozi yakimteremka mpaka kidevuni, na watu wote wakisubiri atasema nini. Alipomeza, alijifuta mdomo kwa ncha ya shuka.

"Wazee walisema, tonge moja huleta ugomvi," alisema. "Lete la pili."