Samansi ya Abdulrahman

Ufunguo uliingia. Zuleha alikuwa ameuchomeka kwenye mlango wa lile gari jeupe pale Kisian, kando ya barabara ya Busia, bila kujua atafanya nini ukikubali, na sasa kitasa kilikuwa kimeachia kwa mlio uleule wa miaka tisa. Abiria watatu waliokuwa ndani wakingoja gari lijae walimtazama.

"Mama, mbele kumejaa," mmoja akamwambia. "Zunguka nyuma."

Alizunguka nyuma, lakini si kutafuta kiti. Taa ya kushoto ilikuwa bado imezibwa kwa teipu nyekundu. Abdulrahman, mumewe, ndiye aliyeibandika mwenyewe akisema ataweka nyingine mwezi ujao, na miezi ikaja ikapita kama inavyopita kwa watu wenye gari moja na mahitaji kumi. Stika ya dua kwenye kioo ilikuwa imekwanguliwa. Alama yake ilibaki, mstatili safi kuliko kioo kingine chote.

"Ndiyo yenyewe?" Seline aliuliza. Seline alikuwa jirani yake wa Kaloleni, muuza omena, na ndiye aliyeliona gari hili wiki iliyopita alipokuwa akitoka Maseno.

"Ndilo."

"Yawa!" Seline akashika kiuno. "Huyu mtu hana hata haya ya kubadilisha taa."

Ilikuwa siku ya pili tangu Zuleha amalize eda. Miezi minne na siku kumi alikuwa amekaa ndani, bila manukato, bila kwenda sokoni, bila kutoka barabarani, na mambo yote ya nje akayaamua shemeji yake Huzaifa. Dini inamruhusu mjane kutoka akiwa na haja. Hayo aliyajua tangu madrasa. Lakini Huzaifa alisema watu watasema nini, na katika nyumba ile neno la Huzaifa lilikuwa na miguu kuliko lake.

Huzaifa ndiye aliyemleta Sydney. Siku ya kumi na moja baada ya maziko, kijana mnene mwenye sauti laini alivua viatu mlangoni, akaketi mkekani na wanaume, mfuko wa sukari na mchele pembeni mwake. Alitaka gari. Zuleha hakuwa na wa kuliendesha, na alitaka kufungua duka dogo ili Amirah, binti yao, amalize shule ya upili. Sydney alitoa pesa kidogo, akaziweka mkononi mwa Huzaifa. Nyingine, alisema, atatoa jina likishabadilishwa kwenye mtandao, maana benki haikopeshi mtu kwa gari la mwenzake.

"Mama, kuna namba itaingia kwa simu ya mzee," alisema kutoka upande wa pili wa pazia. "Nisomee tu. Mimi ni mtoto wako."

Simu ya Abdulrahman haikuwa imezimwa. Zuleha hakuweza kuizima. Mlio wake ulikuwa sauti ya Amirah akiwa na miaka minne: *Baba, simu! Baba, simu!* Kila ilipolia matangani wanawake walilia upya, lakini yeye alitaka ilie. Namba zikaingia. Akazisoma sita zote kupitia pazia, moja moja, kwa sauti iliyotulia. Tangu siku ile aliisikia sauti yake mwenyewe ikisoma zile namba, akiwa jikoni, akiwa kwenye mswala, na kila mara alitaka kuinyamazisha kabla haijafika ya sita.

Sydney alitoka kwenye kibanda cha chai akijifuta mafuta ya chapati mdomoni. Alimwona, akatabasamu. Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Zuleha hofu.

"Mama Amirah! Umetoka eda? Alhamdulillahi." Neno alikuwa amejifunzia matangani.

"Nataka gari, Sydney. Au unimalizie."

"Gari si hii hapa? Si unaiona?"

"Simu zangu hushiki."

"Kazi, Mama. Kazi mingi." Kisha akauona ufunguo, na tabasamu likapungua. "Lakini hiyo ya kufungua gari ya mtu mbele ya abiria, hiyo si poa. Mimi sipendi kelele. Wacha twende polisi, ni hapo tu mbele. Ingieni, mimi mwenyewe nitawapeleka."

Akawaomba radhi abiria wake, akawashusha, akamfungulia Zuleha mlango kwa heshima zote. Seline alimvuta buibui. "Usiingie, Mama Amirah." Lakini aliingia. Atafanyaje? Gari lake, na njia ya kwenda kulidai.

Ndani mlinukia udi. Huenda hapakuwa na udi wowote, huenda ni pua yake tu, lakini aliunusa wazi, ule ambao Abdulrahman alifukiza Ijumaa ili kuua harufu ya samaki wa wateja. Sydney alikuwa mfupi. Chini yake aliweka mto, ule wa maua ya kijani aliomshonea mumewe kwa ajili ya mgongo. Zuleha alikitazama kisogo cha Sydney njia nzima. Kila gari lilipopinda, alingoja kisogo kile kiwe kingine.

Kituoni Sajini Wechuli alikuwa nyuma ya meza yenye kitabu kikubwa cha ripoti, akimenya chungwa. Alimsalimia Sydney kwa jina. Aliwapa wanawake benchi.

"Mlalamishi ni nani?"

"Ni mimi, afande," Zuleha alisema. Akaeleza yote, tangu mkekani hadi Kisian. Wechuli alisikiliza vizuri, hakumkatiza, na moyo wa Zuleha ukaanza kulegea. Kisha Sydney akatoa mfukoni logibuku mpya, hati ya umiliki wa gari, akaiweka mezani karibu na maganda.

"Hii iko sawa," Wechuli alisema. "Jina ni lake. Hapa chini, muuzaji: Abdulrahman. Aliuza mwenyewe, akathibitisha mwenyewe, kwa simu yake. Wewe unaingilia wapi?"

"Abdulrahman ni marehemu. Siku hiyo alikuwa na siku kumi na moja kaburini."

"Cheti cha kifo?"

Mumewe alikufa nyumbani Ijumaa asubuhi, akazikwa kabla ya alasiri. Ndivyo wanavyozikana, upesi, maiti asingojeshwe. Naibu wa chifu alisema wamzike tu, karatasi zitafuata. Huzaifa aliahidi kuzifuata.

"Hakuna," alisema.

"Mochari alilala gani?"

"Hakulala mochari, afande. Sisi hatulazi."

"Kibali cha kuzika?"

"Shemeji yangu ndiye aliyeshughulika."

Wechuli akaomba namba ya Huzaifa, akapiga, akaweka sauti nje ili wote wasikie. Huzaifa alisalimia kwa adabu. Alipoulizwa kuhusu gari alikohoa.

"Afande, huyo shemeji yangu msiba umemchanganya. Gari iliuzwa kihalali. Mambo ya gari ni ya wanaume, nilimwambia. Mpe pole, mrudishe nyumbani."

"Huzaifa!" Zuleha alisimama. "Sema ndugu yako alikufa! Sema neno hilo moja tu!"

Upande wa pili kulikuwa na kelele za barabara, halafu hapakuwa na kitu. Amekata. Zuleha alihisi aibu ikimpanda hadi shingoni, kama kwamba ni yeye aliyefanya kitu kibaya mbele ya watu.

"Afande, hata mimi ni jirani," Seline alisema. "Mimi niliona jeneza ikitoka. Kaloleni yote iliona."

"Jeneza uliona. Ndani uliona?"

"Alikuwa amefunikwa. Si wanafunika!"

"Na kwa kaburi ulifika?"

"Mimi si Mwislamu, afande. Nilibaki na wamama."

Wechuli alimgeukia Zuleha. Hakuwa mkali. Alikuwa na sauti ya mtu anayejaza fomu. "Na wewe, Mama. Ulimwona akizikwa?"

"Wanawake hatuendi makaburini."

"Kwa hivyo hukumwona."

"Nilimwosha uso mwenyewe. Nilimfunga kidevu."

"Nimeuliza kuzikwa."

Nje konstebo mmoja alikuwa akiosha pikipiki na kupiga mluzi. Zuleha alitaka kusema kwamba macho ya mumewe hayakukubali kufunga hadi alipoyashika kwa muda mrefu, kwamba miguu ilikuwa baridi kabla ya mikono, lakini hakuona mahali pa kuyaweka hayo katika kile kitabu kikubwa.

"Sikumwona," alisema.

Wechuli aliandika. Kisha akasoma namba ya muuzaji kwenye karatasi za Sydney, akabonyeza simu yake polepole kwa kidole chenye maji ya chungwa.

*Baba, simu! Baba, simu!*

Ilitoka kwenye mkoba wa Zuleha. Mluzi ukakatika nje. Seline aliweka kiganja mdomoni. Mtoto yule wa miaka minne aliita, akaita, kwa furaha, na hakuna aliyesogea hadi alipochoka.

"Kumbe yuko hewani," Sydney alisema, akacheka kidogo. Alicheka peke yake.

"Mama," Wechuli alisema, "hii kitu ina njia mbili. Kama bwana yako yuko hai, aje aseme hakuuza. Kama alikufa, basi kuna mtu alishika simu ya maiti, akajifanya yeye, akadanganya serikali. Nani alisoma zile namba?"

Zuleha aliitazama mikono yake.

"Unaona? Sitaki kukuweka ndani. Wewe ni kama mama yangu." Akavuta karatasi ya samansi, ile ya kumwita mtu afike kituoni, akaandika jina zima la Abdulrahman, akaandika Ijumaa saa tatu asubuhi, akagonga muhuri. "Utampelekea. Weka sahihi hapa, kwamba umeipokea kwa niaba yake. Na simu isizimwe. Ikizimwa nitajua unamficha."

Aliweka sahihi. Mwandiko ulitoka mzuri, na alijichukia kwa hilo.

"Bado ufunguo," Sydney alikumbusha.

"Ah, kweli. Mama, ufunguo wa gari ya mtu unafanya nini kwako?"

Aliuvua kwenye pete ya funguo zake. Ulikuwa umekaa na ufunguo wa nyumba kwa miaka mingi hata ukaacha doa la kutu kwenye pete. Aliuweka mezani. Sydney aliuchukua, akashukuru, akawauliza kama angewasogeza hadi Kaloleni, maana alikuwa anaelekea mjini.

Walitembea. Seline alitukana njia nzima, kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo, kisha akachoka akaanza kulia, na ikabidi Zuleha ambembeleze.

Nyumbani Amirah alikuwa amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo, amelala kwenye kochi na sare yake. Zuleha hakumwamsha. Aliitandaza samansi mezani, akalisoma mara mbili jina la mumewe, lililoandikwa vizuri, herufi zote mahali pake. Katika miezi minne hakuna ofisi iliyokuwa imemwandika Abdulrahman popote. Hii ndiyo ya kwanza.

Simu ilikuwa imebakiza chaji kidogo mno. Alikaa nayo mapajani. Angeiacha ife, angemficha mtu. Angeichaji, mtu yule angekuwa hai hadi Ijumaa saa tatu, halafu awe mkaidi wa sheria. Akaichomeka ukutani.

*Baba, simu! Baba, simu!*

Amirah aliruka kutoka kwenye kochi, macho hayajafunguka vizuri, akatazama mlango wa chumba cha wazazi kama anayengoja mtu atoke. Zuleha aliinua mkono kumtuliza, akapokea.

"Abdulrahman?" Sauti ya Wechuli.

"Si yeye, afande."

"Ni kumkumbusha tu. Ijumaa, saa tatu. Na aje na kitambulisho."

Zuleha aliutazama ule mlango. Amirah alikuwa bado anautazama.

"Nitamwambia," akasema.