Aliyetafuta Nyuki Akapewa Ushonaji

Mkutubi hakuwa mtu wa kulalamika ovyo. Kwa hiyo alipompigia simu binti wa kaka yake na kusema, "Mwanangu, mashine zako zinachanganya watu," binti aliiacha chai mezani akaenda.

Ndiye aliyetunza programu ya kutafutia vitabu maktabani, aliyoirithi kwa mafundi wawili waliokwisha hama. Kazini walimwita Dodosa, maana hakuna jambo lililompita bila kulihoji.

"Jana seremala alitafuta vitabu vya nyuki," shangazi alieleza. "Akaletewa vya ushonaji. Akarudia, akapata nyuki."

"Kulikuwa na watu wengi?"

"Kompyuta zote nane zilijaa."

Dodosa alipekua kumbukumbu za seva, asione kosa hata moja. Hapo udadisi ukampanda. Kosa linalopiga kelele hushikwa upesi; hili lilinyamaza kama maji ya mtungini.

Programu ile ilisimama juu ya viunzi vitatu vya lugha ya programu iitwayo Java, kazi za watu wengine zilizokwisha chongwa ili mwandishi wa programu asianzie patupu. Struts ilipokea ombi la msomaji na kumrudishia ukurasa. Hibernate ilizungumza na hifadhidata, ghala la taarifa za vitabu. Spring ilikaa katikati, ikiunda vipande vya programu na kuviunganisha. Vyote vilikuwa huria: asiyeridhika na maelezo aliufungua msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, akasoma.

"Shangazi, keti pale, andika nyuki. Mimi naandika ushonaji. Nikisema tatu, tubonyeze pamoja."

Mara ya kwanza kila mmoja alipata chake. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, skrini zote mbili zikajaa ushonaji.

Shangazi alisogeza miwani. "Kumbe tumemshika."

"Tumeshika mkia tu."

Alishinda akisoma msimbo, shangazi akipitapita na vitabu vya kurudisha rafuni, kila akipita akichungulia. Alasiri jambo likajitokeza. Struts ikiwa peke yake humwundia kila msomaji kipande kipya cha kushughulikia ombi lake, kisha hukitupa. Spring, usipoiagiza vingine, huunda kimoja tu na kuwahudumia wote kwa hicho hicho. Fundi wa pili alikuwa ameikabidhi Spring kazi ya kuunda vipande vya Struts, asiiambie desturi hiyo ya Struts. Basi wawili wakitafuta kwa pamoja, neno la aliyechelewa lilifuta la aliyetangulia.

"Sasa mkosaji nani?" shangazi aliuliza.

"Si Struts, si Spring. Kila mmoja yuko sawa kwao. Tatizo ni pale walipokutana."

"Kama mimi na mama yako mwaka ule wa kwanza alipoolewa kwetu," shangazi alisema. "Mimi nafunika sufuria, yeye anafunua."

Dodosa alicheka hadi msomaji mmoja akageuka. Dawa ilikuwa neno moja tu katika faili la mipangilio, la kuiagiza Spring iunde kipande kipya kwa kila ombi, na onyo lenyewe lilikuwa limeandikwa zamani kwenye mwongozo wa kuunganisha viunzi hivyo viwili. Aliona haya kidogo. Alipaswa kuanzia hapo. Walibonyeza pamoja mara ishirini, na kila mara nyuki walikwenda kwa shangazi na nyuzi kwa Dodosa.

Alikuwa akikunja waya, kompyuta yake ikiwa tayari mkobani, shangazi alipovuta kiti.

"Na huyu Hibernate niliyemwona kwenye skrini yako," alisema, "anajuaje kitabu kimoja kina waandishi watatu?"

Dodosa aliufungua tena mkoba.